Kuhamia vitongoji vya Southend: mwongozo kwa anayekuja kuishi, si kutembea

Siku ya jua la Julai, treni zinazoingia Southend kutoka London hujaa pomoni. Watu hushuka na ndoo za watoto na viti vya kukunja, hula chipsi na aiskrimu, hutembea juu ya gati lenye urefu wa kilomita 2.16, refu kuliko gati lolote la starehe duniani, kisha jioni hupanda treni na kurudi makwao. Wanaobaki ndio ninaowaandikia: muuguzi aliyepata kazi katika hospitali ya mji, mhudumu wa nyumba ya wazee, familia iliyochoshwa na kodi za London Mashariki na sasa inatafuta vyumba viwili na kabustani nyuma ya nyumba.

Southend iko Essex, pale mto Thames unapopanuka kuwa bahari. Ilipata hadhi ya jiji mwaka 2022, baada ya mbunge David Amess, aliyeipigania hadhi hiyo kwa miaka mingi, kuuawa Oktoba 2021. Makazi yamepangana kando ya maji: Leigh-on-Sea, Chalkwell na Westcliff upande wa magharibi, Southchurch, Thorpe Bay na Shoeburyness upande wa mashariki. Sheria za upangaji, shule na matibabu nitakazozitaja ni za England nzima, kwa hiyo anayekwenda miji mingine ya pwani kama Bournemouth au Eastbourne naye atazikuta.

Hatua ya kwanza: njoo uangalie mtaa wakati wa baridi

Kama una nafasi ya kuja mara moja tu kabla ya kuchagua, njoo Januari. Katikati ya Desemba jua huzama saa kumi kasoro dakika kumi alasiri. Mwezi Juni halizami mpaka saa tatu na dakika ishirini usiku. Nyumba inayotazama bahari, ile ambayo wakati wa joto inakusahaulisha hata kuuliza bei, wakati wa baridi hupigwa na upepo usiku kucha. Aliyekulia Tanga au Lamu anajua kusi na kaskazi, lakini upepo wa mashariki wa hapa hutoka Bahari ya Kaskazini na huingia mpaka kwenye mifupa. Hewa ya chumvi nayo hula bawaba za madirisha, minyororo ya baiskeli na sehemu za chini za gari.

Mimi huwashauri watu watafute mtaa wa tatu au wa nne kutoka majini. Upepo umepungua, mara nyingi na kodi imepungua, na bado ufuko uko mwendo mfupi wa miguu.

Ukija, shuka kituo cha treni jioni, giza likiwa limeingia, kisha tembea mpaka kwenye nyumba kwa njia ile ile utakayoitumia ukitoka zamu. Angalia taa za barabarani. Angalia kilima, maana Westcliff na Leigh zimekaa juu ya mteremko, na kituo cha Leigh kiko chini kabisa karibu na maji ilhali maduka na nyumba nyingi ziko juu. Kukipanda kile kilima na kigari cha mtoto na mifuko ya sokoni si jambo la kusimuliwa na wakala wa nyumba. Tazama pia ni duka gani liko wazi, kwa sababu biashara za karibu na ufuko hufuata msimu. Duka utakalolihitaji ni lile linalouza maziwa na mkate saa mbili usiku mwezi Februari.

Kabla hujaondoka, ingiza postikodi ya nyumba kwenye huduma ya serikali ya mtandaoni inayoonyesha hatari ya mafuriko. Ni bure. Usiku wa tarehe 31 Januari 1953 bahari ilivamia pwani yote hii ya mashariki, na kwenye kisiwa cha Canvey, jirani na Southend, walikufa karibu watu 60. Leo kuna kuta za kuzuia bahari na tahadhari hutolewa mapema, lakini nyumba iliyo bondeni bado ni nyumba iliyo bondeni, na bima ya vyombo vyako itategemea hilo.

Hatua ya pili: ujue kila kitongoji kina tabia gani

Westcliff ndiko wageni wengi huanzia, na mimi naona ni sawa. Nyumba ni kubwa, za enzi za mwanzo wa karne ya 20, na nyingi zimegawanywa kuwa fleti. Hospitali kuu ya Southend iko huku, barabara ya Prittlewell Chase, kwa hiyo mwenye zamu za usiku anaweza kurudi kwa miguu. Kuna Wayahudi wengi, wakiwemo familia za dini sana zilizohamia kutoka London, na Waislamu wana msikiti. Ni mtaa ambao mtu wa asili nyingine hageuziwi shingo.

Chalkwell na Leigh ni ghali zaidi. Familia huzipenda kwa sababu ya shule na bustani, na Leigh ya zamani bado ina wavuvi na vibanda vya kuuza kombe. Thorpe Bay ina barabara pana na nyumba nyingi za chini, zisizo na ngazi, zinazopendwa na wastaafu. Ni kimya sana, na kijana asiye na gari anaweza kuchoka haraka. Southchurch iko kati ya Westcliff na Thorpe Bay kwa bei na kwa tabia. Shoeburyness ni mwisho wa reli. Faida yake ni kwamba treni huanzia hapo, kwa hiyo asubuhi una uhakika wa kiti. Jambo la kujua mapema ni milio: kuna uwanja wa majaribio wa Wizara ya Ulinzi, na siku za kazi husikika vishindo vinavyotikisa vioo. Ukiwa umelala baada ya zamu ya usiku utavisikia. Kwa aliyetoka kwenye nchi ya vita nasema waziwazi: fikiria sana kabla ya kuchukua nyumba huko, au angalau ukae siku nzima ya kazi uone moyo wako unaipokeaje.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya treni pamoja na kodi

Kuna reli mbili, na watu hukosea kwa kudhani ni moja. Ya kando ya maji, c2c, hupita Leigh, Chalkwell, Westcliff, Southend Central, Southend East, Thorpe Bay na Shoeburyness, na huishia kituo cha Fenchurch Street, London. Nyingine, ya Greater Anglia, huanzia Southend Victoria, hupita Prittlewell na uwanja wa ndege, na huishia kituo cha Liverpool Street, London pia. Kwa zote mbili weka takriban saa nzima mpaka London. Fenchurch Street haina kituo chake cha treni za chini ya ardhi, ila Tower Hill iko hatua chache tu. Wengi hubadilisha mapema zaidi, West Ham au Limehouse.

Chukua kodi ya nyumba ya Southend, ongeza tiketi ya mwezi, kisha linganisha na kodi ya Barking au East Ham, mitaa ya London Mashariki. Kwa mtu mmoja anayekwenda London siku tano kwa wiki, mara nyingi tofauti ni ndogo na uchovu ni mkubwa. Kwa familia ya watu wanne ambayo mmoja tu ndiye anayesafiri, hesabu hugeuka. Angalia pia treni ya mwisho usiku, na angalia Jumapili, kwa sababu matengenezo ya reli hufanywa wikendi na badala ya treni huletwa mabasi.

Ndani ya mji, nauli ya safari moja ya basi imewekewa kikomo cha pauni 3. Kwa wenye magari: leseni ya Kenya, Tanzania au Uganda hukuruhusu kuendesha kwa miezi 12 tangu ulipokuwa mkazi, baada ya hapo lazima uwe umefaulu mtihani wa hapa. Usisubiri mwezi wa kumi na moja, foleni ya mtihani ni ndefu. Na kabla ya kusaini mkataba wa nyumba, uliza kama mtaa una maegesho ya vibali, kwa sababu siku za joto wageni hujaza kila pengo lililo wazi.

Hatua ya nne: kupanga nyumba bila kuumia

Hapa ndipo pesa za watu hupotea, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Wakala atataka kwanza uthibitisho kwamba una haki ya kupanga England. Mwenye eVisa, yaani kibali cha uhamiaji cha mtandaoni, hutengeneza namba ya kushiriki (share code) kwenye akaunti yake ya uhamiaji na kumpa wakala pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Itengeneze kabla hujaenda kuona nyumba, maana nyumba nzuri huondoka siku hiyo hiyo. Beba pia barua ya mwajiri yenye mshahara na muda wa mkataba, na hati za malipo kama unazo. Wageni hukwama kwenye suala la mdhamini, yaani mtu mwenye kipato nchini atakayelipa ukishindwa. Uliza hospitali au kampuni iliyokuajiri kama huwasaidia wafanyakazi wapya kwa hilo. Baadhi hufanya hivyo, lakini hawakuambii mpaka uulize.

Pesa za kushikilia nyumba haziruhusiwi kuzidi kodi ya wiki moja. Amana haizidi kodi ya wiki tano, kwa nyumba ambayo kodi yake ya mwaka iko chini ya pauni 50,000. Ada za kukuonyesha nyumba, za kuandika mkataba au za kuchunguza historia yako zilipigwa marufuku mwaka 2019. Mwenye nyumba lazima aiweke amana kwenye mfuko wa ulinzi unaotambuliwa na serikali ndani ya siku 30 na akupe karatasi zake. Asipofanya hivyo, mahakama inaweza kumwamuru akulipe kati ya mara moja na mara tatu ya amana ile.

Sheria mpya ya haki za wapangaji iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2026 imebadilisha mambo makubwa. Mwenye nyumba hawezi tena kumtoa mpangaji bila sababu inayotajwa kisheria. Hawezi kudai kodi ya zaidi ya mwezi mmoja mbele, na hili ni nafuu kubwa kwa watu wetu ambao walizoea kuombwa miezi sita au mwaka mzima kwa kuwa hawana historia ya mikopo. Hawezi kupokea ofa inayozidi bei aliyotangaza. Hawezi kukukataa kwa sababu una watoto. Kodi hupanda mara moja tu kwa mwaka, na kwa notisi. Wewe ukitaka kuondoka, unatoa notisi ya miezi miwili.

Ila fahamu mpaka wa sheria hii. Inamlinda mwenye mkataba wa upangaji. Anayekodi chumba ndani ya nyumba anamoishi mwenyewe mwenye nyumba ana ulinzi mdogo sana. Wengi wetu huanza hivyo, na hakuna ubaya, lakini andikianeni hata kwa ujumbe wa simu: kodi kiasi gani, umeme umo au haumo, notisi ya wiki ngapi.

Na kamwe usitume pesa kwa nyumba ambayo hujaingia ndani yake, au ambayo mtu unayemwamini hajaingia kwa niaba yako. Matapeli hunakili picha za nyumba halisi, huweka bei ya chini, husema wako nje ya nchi na funguo zitaletwa na posta.

Ukiingia ndani kukagua, usiangalie rangi ya kuta. Sukuma kabati utazame nyuma yake. Nusa pembe za chumba cha kulala. Fungua bomba la maji ya moto na uhesabu yanachukua muda gani kupata joto. Uliza boila ilikaguliwa lini, kwa sababu ukaguzi wa gesi ni wa kila mwaka kisheria. Omba cheti cha matumizi ya nishati: nyumba ya kupangisha inatakiwa iwe daraja E au juu zaidi, yaani kuelekea A, na tofauti ya C na E utaiona kwenye bili ya Januari. Kwenye nyumba iliyogawanywa, simama kimya dakika mbili usikilize jirani wa juu anavyotembea.

Unyevu, adui wa nyumba za pwani

Jambo hili nimelitenga kwa sababu linagusa mapafu ya watoto. Nyumba za zamani zina kuta nene zenye baridi, hewa ya bahari ni nyevu, na sisi tunapika vyakula vya kuchemka muda mrefu. Mvuke ukikutana na ukuta wa baridi hugeuka maji, na baada ya wiki chache kuvu nyeusi huota.

Pikia sufuria zikiwa na mifuniko. Washa feni ya jikoni na ya bafuni, na iache iendelee baada ya kuoga. Usianike nguo juu ya rediata kwenye chumba unacholala. Kama huna pa kuanika, mashine ya kunyonya unyevu hujilipia yenyewe kwa nguo kukauka na kuta kubaki safi. Fungua madirisha ya pande mbili dakika kumi kila asubuhi, hata kama nje ni baridi. Acha upana wa mkono kati ya kabati na ukuta wa nje. Joto la nyuzi 18 lililotulia siku nzima ni bora kuliko kuzima kabisa kisha kuwasha moto mkali jioni.

Ukifanya yote hayo na kuvu bado inarudi, tatizo ni la jengo: paa, mfereji wa maji ya mvua, ukuta uliopasuka. Usikubali kuambiwa kwamba ni kwa sababu ya upishi wako. Andika barua pepe kwa mwenye nyumba, weka picha zenye tarehe, na asipojibu pigia kitengo cha afya ya mazingira cha halmashauri, ambacho kina mamlaka ya kukagua nyumba binafsi. Mwaka 2020 mtoto Awaab Ishak, wa miaka miwili, alikufa katika mji wa Rochdale kwa sababu ya kuvu iliyokuwa kwenye fleti yao, na wazazi wake walikuwa wamelalamika. Sheria inayobeba jina lake ilianza Oktoba 2025 kwa nyumba za umma, na inawalazimu wamiliki kuchunguza unyevu kwa muda maalumu.

Hatua ya tano: wiki ya kwanza

Siku ya kupokea funguo, kabla hujaingiza godoro, piga picha za kila chumba, kila doa, na namba za mita za umeme, gesi na maji. Wakikupa orodha ya hali ya nyumba, isome na urekebishe kabla ya kusaini. Kama mita ni ya kulipia kabla, usitumie kadi au ufunguo ulioachwa na mpangaji aliyetoka, maana deni lake linaweza kukatwa kwenye pesa zako. Pigia kampuni, waambie umeingia leo, wakupe mpya.

Jisajili kaunsil taksi, yaani kodi ya halmashauri, kwenye tovuti ya halmashauri ya jiji. Kodi hii hulipwa na mkazi, si mwenye nyumba, na kiwango hufuata daraja la nyumba, A hadi H, kulingana na thamani yake ya mwaka 1991. Kwa kawaida hulipwa kwa awamu 10, Aprili hadi Januari, lakini ukiomba unaweza kugawanyiwa kwa 12. Mtu mzima anayeishi peke yake hupunguziwa robo. Nyumba ya wanafunzi watupu wa muda wote haitozwi. Punguzo halijileti lenyewe, liombe.

Andikisha familia kwa daktari, GP, hata kama wote ni wazima. Kituo hakiruhusiwi kukukataa kwa sababu huna kitambulisho au barua yenye anwani. Ukiwa na koo linalouma, sikio, au mwanamke mwenye maumivu ya njia ya mkojo, anza na mfamasia. Tangu 2024 wafamasia England wanaweza kutibu magonjwa saba ya kawaida, dawa za antibiotiki zikiwemo, bila miadi ya GP. Namba 111 ni ya ushauri usiku na mchana. Namba 999 ni ya hatari ya maisha.

Kuhusu shule, tarehe ndizo zinazowaponyoka watu. Mtoto huanza Septemba baada ya kutimiza miaka minne, na maombi hufungwa tarehe 15 Januari ya mwaka huo. Ya sekondari hufungwa 31 Oktoba ya mwaka uliotangulia. Ukihamia katikati ya mwaka, uliza halmashauri namna ya kuomba. Southend ina shule nne za sekondari zinazochagua wanafunzi kwa mtihani, mbili za wavulana na mbili za wasichana, na ndizo zinazopandisha bei za nyumba upande wa Westcliff na Chalkwell. Mtihani hufanywa Septemba mtoto akiingia Year 6, darasa la mwisho la shule ya msingi, na kujiandikisha ni miezi kadhaa kabla, akiwa bado Year 5. Wazazi wetu wengi husikia habari hizi mtihani ukiwa umeshapita, ilhali watoto wana uwezo kabisa. Ukiwa na mtoto wa Year 4, anza kuuliza sasa.

Hatua ya sita: jifunze bahari hii upya

Usidhani kwamba kwa kuwa umezaliwa pwani unaijua. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku kama kwetu, na bamvua na maji mafu vinafuata mwezi vilevile. Lakini hapa ufuko ni mbamba na mbele yake kuna tope. Yakipwa, maji hurudi nyuma zaidi ya kilomita moja. Ndiyo sababu gati lilijengwa refu hivyo, boti zilishindwa kufika nchi kavu. Wakati wa bamvua tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa huzidi mita tano.

Hatari ni kwamba maji yanaporudi hayaji kwa mstari mmoja kama wimbi la mbele yako. Hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yako. Mtu aliyetembea mbali akipiga picha hugeuka na kukuta maji kati yake na ufuko, na tope limeshika miguu. Chama cha uokoaji cha RNLI kina kituo hapa, na kwa ajili ya tope hilo kina hovakrafti, chombo kinachoteleza juu ya hewa. Soma jedwali la maji kabla ya kutembea, rudi kabla hayajaanza kujaa, usiende peke yako. Ukimwona mtu amekwama, piga 999 na uombe Coastguard, yaani walinzi wa pwani, usimfuate. Na ile njia ya kale iitwayo Broomway, inayopita juu ya mchanga wa bahari kuelekea kisiwa cha Foulness, imeua watu wengi kwa karne nyingi. Usiijaribu bila kiongozi anayeijua.

Baridi ya maji ni jambo jingine. Februari bahari huwa karibu nyuzi 6 au 7. Hata mwogeleaji hodari akitumbukia humo hushtuka, hukata pumzi na kumeza maji. Wafundishe watoto kanuni ya RNLI: ukianguka majini, usipambane, laza kichwa nyuma, tandaza mikono, elea mpaka pumzi irudi, ndipo uite msaada. Agosti maji ni mazuri na watoto wafurahi, ila mvua kubwa ikinyesha maji machafu huweza kumwagika baharini. Ubora wa maji ya kuogelea hupimwa na kutangazwa kati ya 15 Mei na 30 Septemba.

Kina mama waliozoea kuingia na ndoo maji yakipwa kuokota chaza na kombe, hapa nawaomba waache. Wale wanaouzwa Leigh wamevuliwa kwa leseni na kusafishwa kwa utaratibu maalumu. Nunua kibandani.

Majirani

Mitaa hii ina wazee wengi, baadhi wameishi nyumba moja miaka 40. Wiki ya kwanza piga hodi nyumba za pande zote mbili, jitambulishe jina, sema umehamia. Dakika mbili zinatosha, na hukaribishwi ndani siku hiyo. Hilo si dharau. Waite kwa jina wanalojitambulisha nalo. Kumwita mama wa miaka 75 "bibi", ambayo kwetu ni heshima, kwake huweza kuwa ni kumwambia amezeeka.

Mambo yanayoleta ugomvi ni machache na yanajulikana: gari lililozuia mahali ukingo wa barabara umeshushwa kwa ajili ya geti la mtu, taka zilizotolewa siku isiyo yake, muziki baada ya saa tano usiku. Kalenda ya taka ipo kwenye tovuti ya halmashauri kwa postikodi yako. Usitoe mifuko ya chakula usiku wa jana yake bila chombo chenye mfuniko, shakwe wataichana alfajiri na mtaa mzima utajua ni ya nani. Kukiwa na harusi, arubaini au karamu ya kuhamia nyumba mpya, waambie majirani siku chache mbele na mpelekee kila mmoja sahani ya sambusa au mahamri. Sijaona mzozo uliozidi nguvu sahani hiyo.

Chakula, na mwisho karatasi moja

Supamaketi za hapa hutosha kwa mchele, samaki na mboga za kawaida. Kwa unga wa ugali, muhogo, ndizi za kupika na dagaa, panda c2c mpaka Barking, kuna soko na maduka ya Kiafrika. Ukitaka zaidi, vituo viwili vya District line, treni ya chini ya ardhi, mbele yake ni Upton Park, penye Green Street. Watu wa mtaa mmoja wanaweza kupeana zamu, mwenye gari achukue mahitaji ya nyumba tatu mara moja kwa mwezi.

Karatasi ambayo wengi huisahau ni daftari la wapiga kura. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola mwenye kibali cha kuishi Uingereza ana haki ya kupiga kura hapa, ya bunge na ya halmashauri. Miongoni mwa nchi hizo ni Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi hawamo kwa uraia huo peke yake. Jina lako likiwa kwenye daftari, benki na mawakala wa nyumba nao hukuthibitisha kwa urahisi zaidi. Kujiandikisha ni mtandaoni na huchukua dakika chache: andaa namba ya National Insurance, ile namba ya bima ya taifa inayotumika kazini, anwani uliyohamia na ile uliyotoka kama hujatimiza mwaka. Siku ya kura utaonyesha kitambulisho chenye picha; kama huna kinachokubalika, halmashauri hukutengenezea bure.